Toa Kabari Kwanza: Historia ya Bunduki za Vipande Huku Nyeri

Najua wengi mnangoja sehemu ya pili ya makala ya hifadhidata. Itakuja, msijali. Leo naomba niwatoe kidogo kwenye tarakilishi niwapeleke kwetu Wamagana, karibu na msitu wa Nyandarua, nikawasimulie habari za sanduku la ngozi lililoko chini ya kitanda cha babu yangu. Mwishoni mtaona kwamba sijatoka nje ya mada za ukurasa huu hata kidogo.

Babu mimi humwita guka, kama tunavyowaita babu zetu huku Nyeri. Sanduku lake lina urefu wa sentimita 80 hivi, ni pana upande mmoja na jembamba upande wa pili. Ndani limewekwa kitambaa chekundu kilichopauka, na limegawanywa sehemu mbili kubwa na moja ndogo. Nilipokuwa mtoto niliwaambia wenzangu kwamba guka alikuwa mpiga gitaa. Kumbe ni sanduku la bunduki, bunduki inayofunguliwa vipande viwili.

Tangu mwanzo wa miaka ya 1960 guka alikuwa mbeba bunduki wa wawindaji. Aliifanya kazi hiyo hadi Mei 1977, serikali ya Kenya ilipopiga marufuku uwindaji. Mwajiri wake akaondoka nchini na bunduki yake. Sanduku akamwachia guka, kwa kuwa mkanda wake ulikuwa umekatika. Siku hizi guka huweka humo hatimiliki ya shamba na kadi za kliniki.

Mwezi uliopita nilirudi nyumbani nikiwa na aibu ya kazini, ambayo nitawaeleza hapo chini. Nikamkuta guka amekaa juani, nikamuuliza jambo ambalo sikuwa nimewahi kumuuliza: "Guka, ulikuwa unajuaje kwamba bunduki imechoka?" Jibu lake ndilo makala hii.

KWA NINI BUNDUKI IFUNGULIWE VIPANDE?

Bunduki ya kawaida ya uwindaji ina urefu unaopita mita moja. Kwenye meli, kwenye gari moshi na kwenye msafara, urefu huo ni taabu tupu. Kumbuka kwamba zamani mizigo ya safari ilibebwa na wapagazi, kila mmoja mzigo wa takriban kilo 27. Chuma kirefu kikigonga miti njia nzima, vifaa vya kulengea shabaha hupotoka. Mafundi wakaona afadhali bunduki igawanywe katikati, ilale ndani ya sanduku fupi, kisha iunganishwe mwindaji anapofika.

Kuna njia mbili kubwa za kuigawa.

Njia ya kwanza ni ya bawaba. Casimir Lefaucheux, fundi wa Paris, alitengeneza katika miaka ya 1830 bunduki ambayo mtutu wake unakunjwa kwenda chini ili risasi iingizwe kwa nyuma. Wazo hilo likaendelezwa Uingereza. Mwaka 1875 William Anson na John Deeley, wa kampuni ya Westley Richards ya Birmingham, walipata hataza ya mtambo ambao kule kuifungua tu bunduki kunaiweka tayari kufyatua. Bunduki za aina hii huwa na mitutu miwili. Chini ya mitutu kuna ndoano inayokaa juu ya pini, na kuna komeo linaloifunga mitutu isifunguke. Ukitoa ubao wa mbele, ule unaoshikwa kwa mkono wa kushoto, mitutu hutoka kwenye pini na bunduki huwa vipande viwili. Sanduku la guka ni la bunduki ya aina hii.

Njia ya pili ni ya skrubu, na Wamarekani waliipenda sana. Mtutu huingia kwenye mwili wa bunduki kama kifuniko cha chupa, ila mistari ya skrubu imekatwa sehemu sehemu, kwa hiyo robo mzunguko inatosha kuufunga. Kampuni ya Winchester iliuza nyingi za namna hii kuanzia miaka ya 1890. Jambo lililonifurahisha ni kwamba Winchester waliweka kwenye kiungo hicho kipande cha kurekebisha, ili kikilegea baada ya miaka fundi aweze kukikaza tena. Yaani walijua tangu siku ya kwanza kwamba kitalika, wakajiandaa. Ni waandishi wangapi wa programu tunaofanya hivyo?

Njia zote mbili zina ukweli mmoja: pale ulipoigawa bunduki ndipo inapochakaa kwanza. Faida ya kuifungua vipande unailipia kwenye kiungo.

RAIS MSTAAFU KWENYE MLIMA WETU

Ukitaka kujua kiungo hicho kilibeba uzito gani, soma habari za Theodore Roosevelt. Alimaliza urais wa Marekani mwezi Machi 1909, na tarehe 21 Aprili mwaka huohuo akashuka Mombasa na mwanawe Kermit, kwa safari ya kukusanya wanyama kwa ajili ya taasisi ya Smithsonian. Miongoni mwa bunduki zake ilikuwepo moja ya mitutu miwili ya .500/450 iliyotengenezwa na Holland & Holland wa London, zawadi kutoka kwa Waingereza waliompenda. Bunduki hiyo ipo hadi leo katika jumba la makumbusho la Frazier, mjini Louisville, Marekani.

Msafara wake ulipitia hapa Nyeri, ukapanda miteremko ya Mlima Kenya kutafuta ndovu. Aliyemwongoza alikuwa mwindaji R. J. Cuninghame. Roosevelt mwenyewe ameeleza katika kitabu chake cha African Game Trails, cha mwaka 1910, jinsi alivyomfyatulia ndovu dume kwa mtutu wa kwanza, kisha wa pili. Sasa bunduki haina kitu. Papo hapo kichaka kikapasuka kushoto kwake, akatokea ndovu mwingine akimjia, karibu kiasi cha kuweza kumgusa kwa mkonga. Roosevelt akaruka nyuma ya mti, akaifungua bunduki, akatupa maganda, akaingiza risasi mbili mpya. Cuninghame ndiye aliyefyatua na ndovu akageukia kichakani.

Hebu fikiria sekunde zile. Mkono wa mtu aliyeshtuka unafungua bawaba na kuifunga tena. Komeo likikwama au mitutu isipokaa mahali pake, hadithi inakwisha vingine.

Na kabla ya sekunde hizo, ni nani aliyehakikisha kwamba kiungo kiko sawa? Mara nyingi alikuwa mbeba bunduki. Yeye ndiye aliyeifuta jioni, akaipaka mafuta, akaitoa vumbi kwenye pini. Vitabu vya wawindaji vimejaa majina ya wenye bunduki. Majina ya walioitunza ni machache mno.

JEMBE LA GUKA

Sasa turudi juani. Guka hakunijibu kwa maneno. Aliniambia, "Nenda kalete jembe." Nikalileta. Akasema, "Litikise. Limelegea?" Nikalitikisa, likawa imara kabisa. Akachukua jiwe, akagonga ile kabari ya mti iliyoshindiliwa kati ya mpini na chuma mpaka ikatoka. Jembe likaanza kucheza kama jino la mtoto.

"Nani alikuwa anakudanganya?" akauliza.

"Kabari, guka."

"Basi hata bunduki ina kabari yake. Itoe kwanza ndipo uitikise."

Kabari ya bunduki ni ule ubao wa mbele. Ndani yake mna springi inayoisukuma mitutu kwa nguvu dhidi ya mwili wa bunduki, kwa hiyo hata bunduki iliyochoka itaonekana imara maadamu ubao umefungwa. Nimeupanga utaratibu wa guka kwa namba, kama tulivyozoea humu:

1. Hakikisha bunduki haina risasi. Angalia kwa macho, kisha ingiza kidole. Guka alirudia hili mara tatu.

2. Toa ubao wa mbele, ufunge mitutu bila ubao huo. Shika kitako kwa mkono mmoja na mitutu kwa mkono wa pili, utikise kushoto na kulia, kisha juu na chini. Usitegemee macho. Sikiliza mlio mdogo kama wa kucha ikigonga meno, na uuhisi mkononi.

3. Inua bunduki kuelekea mwanga. Tazama pale nyuma ya mitutu inapokutana na ukuta wa chuma wenye pini za kufyatulia. Ukiona mstari wa mwanga, mitutu imeanza kuachana na ukuta. Risasi inapolipuka, ganda lake linategemea ukuta huo. Ukiwa mbali, ganda linaweza kupasuka na gesi ya moto ikarudi usoni mwa mfyatuaji.

4. Tazama mkono wa komeo ulio juu. Bunduki ikiwa mpya, mkono huo ukifungwa husimama kidogo upande wa kulia. Kadiri chuma kinavyolika ndivyo unavyosogea katikati. Ukishapita katikati kwenda kushoto, ujue komeo limetumika sana. Ni kama mita iliyojengwa ndani ya chombo chenyewe!

5. Chunguza ndoano iliyo chini ya mitutu. Je, kuna alama za nyundo? Kuna mafundi wanaoiponda ndoano ili chuma kivimbe, pengo lizibe, bunduki iuzwe. Inakaza kweli, lakini baada ya kufyatuliwa mara chache uvimbe unabonyea na ulegevu unarudi. Tiba ya haki ni kuweka pini nene zaidi au kuongeza chuma kwenye ndoano na kuichonga upya. Kazi hiyo ni ya fundi mwenye subira. Mafundi wa London hupaka masizi ya taa kwenye kiungo, wakafunga na kufungua, wakatazama masizi yamefutika wapi, kisha wakapiga tupa pale tu yalipogusa.

6. Ikiwa ni bunduki ya skrubu, jaribu kuzungusha mtutu kama unayekamua nguo. Haupaswi kusogea hata unywele. Halafu kuna jaribio la mwisho: piga shabaha, fungua bunduki vipande, iunganishe tena, upige shabaha ileile. Risasi zikienda mahali pengine, kiungo hakirudi nyumbani kwake.

Nikamuuliza kuhusu uzuri wa bunduki: michoro, mbao za jozi, chuma kinachong'aa. Akacheka. "Mng'ao ni wa kitambaa na mafuta," akasema. "Mimi ndiye niliyekuwa naung'arisha. Ningeweza kuing'arisha hata iliyokufa."

AIBU YANGU

Nilisema nitaeleza. Mapema mwaka huu chama kimoja cha akiba kiliniomba nichunguze programu yao ya zamani na kuwaambia kama inaweza kuunganishwa na malipo kwa simu. Niliitazama siku tatu. Kurasa zilifunguka haraka, ripoti zilitoka safi, malipo ya majaribio yote yakapita. Nikaandika kwamba iko imara.

Haikuwa imara. Kati ya hifadhidata na huduma ya malipo palikuwa na kiungo kilicholegea: jibu lilipochelewa, programu ilidhani malipo yameshindikana, ikayatuma tena yenyewe, kimyakimya. Siku za kawaida tabia hiyo ya kujaribu tena ndiyo iliyoficha ubovu. Siku ya mwisho wa mwezi, mtandao ulipolemewa, baadhi ya wanachama wakakatwa pesa mara mbili. Mama mmoja alikatwa karo ya mtoto. Pesa zilirudishwa, lakini baada ya siku nne, na siku nne ni nyingi kwa mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa sababu ya karo.

Sikuitoa kabari. Ningezima ile tabia ya kujaribu tena kwa saa moja tu, ningesikia mlio.

BUNDUKI NYINGINE YA NYUMBANI KWETU

Nilidhani mazungumzo yamekwisha. Guka akaniambia ndugu yake mkubwa naye alijua kutikisa bunduki, ila hakujifunzia kwa wawindaji.

Mnajua historia. Tarehe 20 Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari. Vijana wengi wa Tetu waliingia msitu wa Nyandarua, na wengine Mlima Kenya. Bunduki za kiwandani walizopata zilikuwa chache, nyingi za kunyang'anya. Basi wapiganaji wakajitengenezea. Mtutu ulikuwa bomba la maji. Kitako kilichongwa kwa mti. Kilichofunga nyuma kilifanana na komeo la mlango, nalo lilisukumwa na springi au ukanda wa mpira wa tairi la gari. Majumba ya makumbusho ya kijeshi ya London yana baadhi ya bunduki hizo.

Tazama tena kile kiungo. Risasi ya .303 ikilipuka hutoa shinikizo linalopita pauni 40,000 kwa kila inchi ya mraba. Katika bunduki ya Roosevelt, nguvu hiyo ilizuiwa na ukuta wa chuma uliochongwa na kupimwa kwa masizi. Katika bunduki ya msituni, ilizuiwa na komeo na bahati. Bomba la maji halikutengenezwa kwa kazi hiyo, na waliolitumia walilijua hilo.

Ndugu yake guka aliingia msituni mwaka 1953 na akatoka hai. Alitoka bila kidole gumba cha mkono wa kulia, na jicho la upande huo likiwa limepofuka. Komeo lilirudi nyuma. Nilimkuta akiwa mzee sana, na sisi watoto tuliambiwa ni ajali ya shamba. Guka anasema ndugu yake alimweleza siku moja tu: asubuhi ile aliitikisa bunduki, akausikia mlio, akajua. Lakini haikuwepo nyingine.

Hapa ndipo nilipokaa kimya. Ile orodha yangu ya namba sita inadhani kwamba ukishagundua ulegevu una njia ya kuikataa bunduki. Mwindaji aliweza kuirudisha London kwa meli ikarekebishwe. Aliyekuwa msituni alipima uchakavu kwa uangalifu uleule, pengine zaidi, kisha akaichukua hivyo hivyo.

Na hata kuwa nayo tu ilikuwa kifo. Chini ya sheria za hali ya hatari, kupatikana na silaha kinyume cha sheria kungeweza kukupeleka kitanzini. Dedan Kimathi alikamatwa hapahapa Tetu tarehe 21 Oktoba 1956, akashtakiwa Nyeri kwa kupatikana na bastola na risasi, na akanyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Ndiyo maana bunduki ya msituni haikuachiwa sanduku la kitambaa chekundu. Ilizikwa, ilitupwa mtoni, ilikanwa.

Miaka michache baadaye, guka akaanza kulipwa mshahara kwa kubeba bunduki ya mzungu. Nilimuuliza kama halikumsumbua. Alifikiri kwa muda. "Kila jioni nilipoitikisa nilisikiliza kwa masikio mawili," akasema. "Moja langu, moja la ndugu yangu."

TUFUNGE

Sisi tunaojenga mifumo ya tarakilishi tunapenda kugawa vitu vipande: moduli hii, huduma ile, seva kule. Ni vizuri, mzigo unabebeka. Lakini historia ya bunduki hizi inaonyesha uchakavu unakaa wapi na unajificha nyuma ya nini. Mimi nimeshabadilisha utaratibu wangu. Nikipewa mfumo wa zamani nichunguze, kwanza natafuta ni nini kinachoufanya uonekane imara, nakizima, kisha natikisa. Na nikisikia mlio, naandika kwenye ripoti hata kama mteja hatafurahi, kwa sababu mimi na yeye tunaweza kuikataa bunduki. Wapo ambao hawakuweza.

Ushauri wa mwisho kwa wasomaji wa rika langu: kama nyumbani kwenu kuna sanduku, kitambulisho cha zamani, au mzee asiye na kidole, uliza. Uliza sasa.

Jembe la guka nimelirudishia kabari mpya ya mti wa mutamaiyu. Amelitikisa, akasema litafika msimu wa mahindi.

Kwa leo naishia hapa. Wiki ijayo tunarudi kwenye hifadhidata, naahidi.